Maswali ya Wasomaji: Je, Mesoni za Chamu Zimetuonyesha Fizikia Mpya?

Katika toleo lililopita tulieleza kwa kifupi kwamba jaribio la LHCb, lililoko katika maabara ya CERN kwenye mpaka wa Uswisi na Ufaransa, limethibitisha kuwa chembe ziitwazo mesoni D (mesoni ni chembe yenye kwaki moja na kwaki kinyume moja, kwaki zikiwa ni chembe za msingi zinazounda pia protoni, na katika mesoni D mojawapo ni ya aina iitwayo chamu) hazimeguki kwa namna ileile kabisa na chembe kinyume zake, na kwamba wanafizikia hawajakubaliana iwapo tofauti hiyo inaelezeka kwa nadharia tuliyo nayo au inatokana na kitu ambacho hakijawahi kuonekana. Barua zilizofuata zilikuwa nyingi, na kadhaa kati yake ziliuliza jambo moja kwa maneno tofauti. Nimechagua chache zinazobeba maswali ya wengine.

Shikamoo Mwalimu. Mimi ni mwanafunzi wa sekondari. Naelewa kwamba kila chembe ina chembe kinyume yenye chaji iliyo kinyume, lakini sielewi herufi C na P zinasimamia nini, wala kwa nini kuvunjwa kwa ulinganifu huo kunapewa uzito mkubwa hivyo.

Marahaba, mwanangu. Herufi C inasimamia zoezi la kubadilisha kila chembe kwa chembe kinyume yake, ili elektroni iwe positroni na protoni iwe antiprotoni. Herufi P inasimamia zoezi la kuutazama ulimwengu ndani ya kioo, ambamo kushoto huwa kulia. Kwa muda mrefu iliaminika kwamba sheria za maumbile hazijali mazoezi hayo, yaani jaribio linaloonekana kiooni lingeweza kufanyika vilevile katika ulimwengu halisi. Mwaka 1957 Chien-Shiung Wu na wenzake, wakitumia viini vya kobalti vilivyopozwa hadi karibu na sifuri halisi, walionyesha kwamba kani dhaifu, ambayo ndiyo husababisha baadhi ya viini vya atomu kumeguka, inatofautisha kushoto na kulia. Wengi wakajifariji kwamba mazoezi yote mawili yakifanywa kwa pamoja, yaani CP, ulinganifu unarudi.

Faraja hiyo ilidumu miaka saba tu. Mwaka 1964, katika maabara ya Brookhaven nchini Marekani, James Christenson, James Cronin, Val Fitch na René Turlay waligundua kwamba kaoni (mesoni zenye kwaki iitwayo strenji) zisizo na chaji, zile zinazoishi muda mrefu zaidi, humeguka kuwa pioni mbili (pioni ni mesoni nyepesi kuliko zote) takriban mara 2 katika kila mimeguko 1,000. Kama CP ingehifadhiwa kikamilifu, mmeguko huo usingetokea hata mara moja. Cronin na Fitch walipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1980.

Uzito wake utauona ukijaribu kumweleza mtu aliye mbali sana, ambaye hamjawahi kuonana wala kubadilishana kitu chochote, kwamba wewe umeumbwa kwa maada na si kwa antimaada. Huwezi kumwambia kwamba elektroni zako zina chaji hasi, kwa sababu neno "hasi" ni jina tulilokubaliana sisi wenyewe, naye huenda ameliweka upande wa pili. Huwezi pia kutegemea kushoto na kulia, kwa kuwa hayo nayo ni makubaliano. Uvunjaji wa CP ndio unaokupa njia, kwa sababu unaweza kumwambia apime mmeguko fulani, na ule upande unaotokea mara nyingi zaidi ndio unaotambulisha chembe, si chembe kinyume. Mimi binafsi nimesoma habari hii kwa miaka mingi na bado inanishangaza kwamba maumbile yenyewe yameweka alama ya kudumu kati ya vitu viwili ambavyo kwa kila hali nyingine vinafanana kama pacha.

Mwalimu mwenzangu, mimi hufundisha fizikia. Uvunjaji wa CP umeshapimwa katika kaoni na katika mesoni B, zile zenye kwaki botomu, na katika mesoni B tofauti ni kubwa na zinaonekana wazi. Kwa nini watu wahangaike na chamu, ambako tofauti yenyewe ni ndogo kiasi hiki?

Udogo huo ndio mtaji wa wanaoitafuta fizikia mpya, Mwalimu. Nadharia inayotawala, tunayoiita Modeli Sanifu, inatabiri kwamba katika mimeguko ya chamu uvunjaji wa CP lazima uwe mdogo mno. Mahali palipo kimya, hata mnong'ono wa mgeni husikika. Katika mesoni B, ambako Modeli Sanifu yenyewe inapiga kelele, mgeni huyohuyo angeweza kupita bila kutambuliwa.

Sababu ya ukimya huo inafaa kuelezwa polepole. Mwaka 1973 Makoto Kobayashi na Toshihide Maskawa walionyesha kwamba kani dhaifu inaweza kuvunja CP ikiwa kuna kwaki za aina sita, yaani vizazi vitatu vya kwaki mbilimbili, wakati ambapo majaribio yalikuwa yametambua tatu tu. Kwaki chamu ilionekana Novemba 1974 katika maabara za SLAC na Brookhaven kwa wakati mmoja, botomu ikafuata mwaka 1977, na topu mwaka 1995. Kwa vizazi viwili peke yake hakuna uvunjaji wa CP. Ni lazima kizazi cha tatu kishiriki. Sasa chamu ni ya kizazi cha pili, nayo inapomeguka hugeuka kuwa kwaki nyepesi za kizazi cha kwanza na cha pili. Kizazi cha tatu kinaingia tu kwa mlango wa nyuma, kupitia kwaki botomu inayojitokeza kwa kitambo ndani ya kitanzi kisha ikatoweka, na uzito wa njia hiyo ukilinganishwa na njia kuu ni kama 7 katika 10,000. Hicho ndicho kipimo cha msingi cha kila tunachokitarajia katika chamu.

Kuna sababu ya pili, ambayo naona haisemwi vya kutosha. Kwaki sita zimegawanyika katika makundi mawili kwa chaji: u, chamu na topu zina chaji ya theluthi mbili, na d, strenji na botomu zina chaji hasi ya theluthi moja. Kaoni na mesoni B hutupa habari za kundi la pili. Katika kundi la kwanza, pioni isiyo na chaji, inayoundwa na kwaki nyepesi u na d, ni chembe kinyume ya nafsi yake, hivyo haina cha kulinganishwa nacho, na kwaki topu humeguka haraka mno kiasi kwamba haipati hata nafasi ya kuunda mesoni. Inabaki chamu peke yake. Ikiwa fizikia mpya inapendelea kundi hili na kulikwepa lile jingine, mesoni D ndiyo dirisha letu, na sidhani kama ni busara kuliacha limefungwa kwa sababu tu kioo chake kina ukungu.

Mimi ni fundi wa vipimo. Katika kazi yangu kipimo hakiwezi kuwa bora kuliko chombo. Kigunduzi cha LHCb kimetengenezwa kwa maada, nayo migongano ni ya protoni kwa protoni, si ya protoni kwa antiprotoni. Wanajuaje kwamba tofauti waliyoiona imetoka kwa mesoni wala si kwa mashine yenyewe?

Ndugu fundi, katika barua zote hili ndilo swali lililonifurahisha kuliko mengine, na litapata jibu refu kwa sababu ndani yake ndimo ulimo ustadi wote wa kazi hii.

Kwanza tuelewe kinachohesabiwa. Mesoni D isiyo na chaji, iitwayo D0, imeundwa na kwaki chamu na kwaki kinyume ya u. Ina uzito karibu mara mbili ya protoni, na maisha yake kwa wastani ni sehemu 0.41 za trilioni moja ya sekunde, muda ambao unaiwezesha kusafiri milimita chache tu kabla ya kumeguka. Mara chache humeguka kuwa kaoni mbili, moja chanya na moja hasi, na mara chache zaidi kuwa pioni mbili, vilevile moja chanya na moja hasi. Chembe kinyume yake, yaani anti-D0, humeguka kuwa jozi hizohizo. Kazi ni kuhesabu ni ngapi zilizaliwa D0 na ngapi zilizaliwa anti-D0 katika kila jozi, kutoa moja kwa nyingine, na kugawanya kwa jumla.

Tatizo la kwanza linajitokeza hapo hapo: ukiziona kaoni mbili, chanya na hasi, huna namna ya kujua zimetoka kwa D0 au kwa anti-D0, kwa kuwa matokeo ni yaleyale. Dawa yake ni kutafuta shahidi aliyekuwepo wakati mesoni inazaliwa. Nyingi huzaliwa pale mesoni nzito kidogo, iitwayo D*, inapomeguka kuwa D0 na pioni moja ya mwendo mdogo. Pioni hiyo ikiwa chanya, aliyezaliwa ni D0. Ikiwa hasi, ni anti-D0. Zipo nyingine zinazozaliwa kutokana na mesoni B pamoja na muoni, yaani ndugu mzito wa elektroni, na hapo chaji ya muoni ndiyo hutoa ushahidi. Mashahidi hawa wawili hutumika kando kando, na ni jambo la maana sana kwamba kila mmoja ana kasoro zake tofauti na za mwenzake.

Hofu yako, ndugu fundi, inaingia sasa. Protoni zina kwaki za kawaida kwa wingi kuliko kwaki kinyume, kwa hiyo migongano haizalishi D* chanya na D* hasi kwa idadi sawasawa. Pioni chanya na pioni hasi hazigongani kwa kiwango kimoja na metali na silikoni ya kigunduzi. Sumaku kubwa huzipinda chembe chanya upande mmoja na chembe hasi upande mwingine, na pande hizo mbili za kigunduzi haziwezi kufanana kwa asilimia mia. Tofauti hizi za uongo zinaweza kufikia asilimia 1, hali ishara inayotafutwa ni karibu mara saba chini ya hapo. Umesema kweli kwamba chombo peke yake kisingetosha.

Kilichowaokoa ni kutoa. Kasoro za uzalishaji ni mali ya D*, na kasoro za shahidi ni mali ya pioni ya mwendo mdogo. Hakuna kati ya hizo inayojua kama D0 itameguka kuwa kaoni au pioni. Zitakuwemo kwa kiwango kilekile katika hesabu zote mbili. Ukichukua tofauti iliyopatikana kwa kaoni ukaitoa tofauti iliyopatikana kwa pioni, kasoro hufutana, na kinachobaki ni tofauti ya kweli kati ya mimeguko miwili. Kwa kuwa jozi zenyewe zina chanya moja na hasi moja, hazileti upendeleo wa ziada. Ili kufutana huko kuwe kwa uhakika, matukio hupewa mizani ili kasi na mwelekeo wa mesoni zilizotoa kaoni ulingane na wa zile zilizotoa pioni; mwelekeo wa sumaku hugeuzwa mara kwa mara ili kilichokuwa kikipindwa kushoto kipindwe kulia; na namba ya mwisho hufichwa mbele ya wachambuzi wenyewe hadi njia ya uchambuzi iwe imekamilika na kukubaliwa, ili matumaini yao yasije yakausogeza mkono.

Kilichobaki ni wingi. Usahihi wa kuhesabu hukua kwa kipeuo cha pili cha idadi ya matukio, maana ukitaka kupunguza shaka mara kumi unahitaji matukio mara mia. Kwa kipimo kilichotangazwa tarehe 21 Machi 2019, LHCb ilitumia data zilizokusanywa kati ya mwaka 2015 na 2018 zenye D0 milioni 44 zilizomeguka kuwa kaoni na milioni 14 zilizomeguka kuwa pioni kwa ushahidi wa pioni, pamoja na milioni 9 na milioni 3 kwa ushahidi wa muoni, kisha ikaziunganisha na matokeo ya awali. Tofauti iliyopatikana ilikuwa asilimia hasi 0.154, na shaka ya asilimia 0.029. Huo ni umbali wa sigma 5.3 kutoka sifuri (sigma moja ni ukubwa wa shaka ya kipimo), yaani juu ya kiwango cha sigma 5 ambacho wanafizikia wa chembe hukidai kabla ya kutamka neno ugunduzi.

Bwana Mhariri, nakumbuka mwaka 2011 walitangaza kitu kama hiki hiki, tena kikubwa zaidi, na baadaye kikayeyuka. Kwa nini tuamini safari hii?

Kumbukumbu yako ni sahihi, mzee wangu. Mwishoni mwa mwaka 2011 LHCb ilitoa namba ya asilimia hasi 0.82, ikiwa na umbali wa sigma 3.5 kutoka sifuri, na mwaka 2012 jaribio la CDF katika maabara ya Fermilab likatoa asilimia hasi 0.62. Zikaandikwa makala nyingi za kinadharia, baadhi zikisema ni fizikia mpya na nyingine zikihimiza subira. Data zilipoongezeka namba ilishuka, na kufikia mwaka 2016 ilikuwa asilimia hasi 0.10 na shaka inayokaribia ukubwa huohuo.

Hakuna aliyedanganya. Matukio yakiwa machache, bahati huweza kuisukuma namba juu, na namba iliyosukumwa juu ndiyo inayovutia macho. Kipimo cha 2019 kinatofautiana na kile kwa mambo matatu: kimefanywa kwa matukio mengi zaidi ya mara ishirini, kimevuka sigma 5, na mashahidi wawili niliowataja, pioni na muoni, wametoa majibu yanayopatana. Ningekuwa mtu wa kuweka dhamana, kwa kipimo cha 2019 ningeiweka bila kusita. Dhamana ambayo nisingeiweka ni juu ya maana yake, na hilo linatufikisha kwenye swali lililoulizwa na wengi.

Basi hiyo asilimia 0.154 ni fizikia mpya au siyo? Wanafizikia wenye kompyuta kubwa namna ile wanashindwaje kukokotoa Modeli Sanifu inasema nini?

Ili CP ivunjike katika mmeguko, ni lazima kuwe na njia mbili za kufika kwenye matokeo yaleyale, kwa sababu katika fizikia ya kwanta njia hizo hujumlishwa kama mawimbi, na mawimbi mawili yakikutana huweza kuongezana au kupunguzana. Kati ya njia hizo mbili kuwe na tofauti za awamu, yaani hatua ambayo kila wimbi limefikia katika kupanda na kushuka kwake, za aina mbili. Moja hutokana na kani dhaifu, nayo hugeuza ishara unapobadilisha chembe kwa chembe kinyume. Ya pili hutokana na kani kali, ile inayozishika kwaki pamoja, nayo haigeuki. Mchanganyiko wa inayogeuka na isiyogeuka ndio unaofanya jumla ya mawimbi kwa D0 iwe tofauti na jumla kwa anti-D0. Mojawapo ya awamu hizo ikiwa sifuri, hakuna kitu cha kuona.

Awamu ya kani dhaifu tunaijua vizuri, kwa kuwa imepimwa kwa usahihi katika mesoni B. Kinachotusumbua ni kani kali. Kwa kwaki nzito kama botomu, kuna mbinu za kihisabati zinazotumia uzito huo ili kurahisisha kazi. Kwa kwaki nyepesi kama strenji, kuna mbinu nyingine, na kompyuta kubwa zinazogawanya nafasi na wakati katika vyumba vidogovidogo zimepiga hatua katika kaoni. Chamu imekaa katikati. Uzito wake ni mdogo mno kwa mbinu za kwanza na mkubwa mno kwa zile nyingine, na mesoni D ikishameguka, kaoni mbili zinaweza kugongana zikageuka pioni mbili, au kinyume chake, kabla hazijaachana. Kila mgongano wa namna hiyo huongeza awamu ambayo hakuna aliyeweza kuikokotoa kwa uhakika kutoka misingi ya kwanza.

Matokeo yake ni kwamba yapo makadirio mawili yanayosimama mbele yetu. Kundi moja la wananadharia, likitumia mbinu zinazoikadiria kani kali kwa uangalifu mkubwa, linapata takriban 2 katika 10,000 au pungufu, na kwa kundi hilo kipimo cha 15 katika 10,000 ni kikubwa mno na kinaashiria kitu kipya. Kundi la pili linasema migongano ya baada ya mmeguko inatosha kabisa kuikuza namba hiyo, na linaonyesha kwamba ikiwa njia ya kitanzi ina nguvu inayokaribiana na njia kuu, Modeli Sanifu inafika kwenye kipimo bila msaada wa mtu.

Mwaka 2022 jambo liliongezewa uzito. LHCb ilifanikiwa kuipima kaoni peke yake, na kwa kuiunganisha na ile tofauti ya awali ikapata sehemu ya moja kwa moja ya uvunjaji wa CP kwa kila mmeguko: takriban 7.7 katika 10,000 kwa kaoni, na shaka ya 5.7, na takriban 23.2 katika 10,000 kwa pioni, na shaka ya 6.1. Kwa hiyo sehemu kubwa ya tofauti iko kwenye pioni, kwa sigma 3.8. Jambo lililowashangaza watu ni ishara. Kama kwaki d na kwaki strenji zingekuwa na uzito sawa, namba hizo mbili zingelingana kwa ukubwa na kuwa na ishara zinazopingana, moja chanya na moja hasi. Zote mbili zimetokea chanya, ingawa ya kaoni kwa shaka yake bado inaweza kuwa sifuri au hata hasi kidogo. Umbali kutoka matarajio hayo ni kama sigma 2.7.

Hapo ndipo naomba tusikimbilie hitimisho. Ulinganifu huo wa d na strenji hatukuwahi kuutegemea kwa ukamilifu, kwani tunajua D0 humeguka kuwa kaoni mbili karibu mara 2.8 zaidi ya inavyomeguka kuwa pioni mbili, ilhali ulinganifu kamili ungedai idadi zinazokaribiana. Na sigma 2.7, baada ya tuliyoyaona mwaka 2011, haitoshi kumnyima mtu usingizi. Kwa hiyo jibu langu kwa wote walioandika ni hili: uvunjaji wa CP katika chamu ni ukweli uliothibitishwa, ilhali fizikia mpya katika chamu ni dhana inayostahili kuchunguzwa. Anayeyachanganya mambo hayo mawili, iwe kwa shauku au kwa kutaka habari ipendeze, anawakosesha wasomaji sehemu tamu ya kisa chenyewe, yaani ile kazi ya kuyatenganisha.

Je, tofauti hii ndiyo inayoeleza kwa nini ulimwengu umejaa maada na antimaada imetoweka?

Hapana. Andrei Sakharov alionyesha mwaka 1967 kwamba bila uvunjaji wa CP maada isingeweza kuishinda antimaada, kwa hiyo uhusiano upo. Lakini uvunjaji wote unaotokana na utaratibu wa Kobayashi na Maskawa, pamoja na huu wa chamu, ni mdogo mno kuzalisha hata ile ziada ndogo, ya kama chembe moja kwa kila bilioni, iliyotuacha sisi na nyota. Hiyo ndiyo sababu ya msingi ya kuamini kwamba chanzo kingine cha uvunjaji wa CP kipo mahali fulani, na ndiyo maana watu wanakitafuta katika kila kona ambayo vifaa vinafika.

Nitajuaje, nikisoma habari katika miaka ijayo, kwamba fizikia mpya imepatikana kweli katika chamu?

Tazama mimeguko ambayo Modeli Sanifu haina pa kujificha. Ulio bora kwa maoni yangu ni ule wa mesoni D yenye chaji inayomeguka kuwa pioni moja yenye chaji na pioni moja isiyo na chaji. Kanuni za kani kali zinaifanya ile njia ya kitanzi isiweze kufika kwenye matokeo hayo, hivyo hubaki njia moja tu, na kama tulivyoona, njia moja haivunji CP. Modeli Sanifu inatabiri karibu sifuri, na haihitaji mtu akokotoe migongano ya baada ya mmeguko. Tofauti iliyo wazi ikionekana hapo, mabishano niliyoyaeleza juu yatakuwa yamekwisha. Ugumu ni kwamba pioni isiyo na chaji hugeuka karibu mara zote kuwa fotoni mbili, ambazo ni shida kuzikamata katikati ya vurugu ya migongano ya protoni. Kwa kazi hiyo jaribio la Belle II huko Tsukuba, Japani, ambako elektroni hugongana na positroni na mazingira ni safi zaidi, lina nafasi nzuri. Jaribio hilo pia linaweza kuupima mmeguko wa D0 kuwa pioni mbili zisizo na chaji, na ukiunganishwa na ile mingine miwili ya pioni tunapata mtihani kamili wa familia nzima.

Mtihani wa pili ni wa kubadilika. D0 inaweza kugeuka kuwa anti-D0 ikiwa njiani, lakini polepole sana: ingelazimika kuishi zaidi ya mara 1,500 ya wastani wa maisha yake ili kukamilisha mzunguko mmoja. Mwaka 2021 LHCb ilipima tofauti ndogo ya uzito inayosababisha badiliko hilo, nayo ni takriban gramu 1 iliyogawanywa kwa 1 yenye sifuri 38. Uvunjaji wa CP katika badiliko hilo haujaonekana hadi sasa, ingawa vipimo vimefika usahihi wa takriban 1 katika 10,000. Modeli Sanifu inatabiri kitu kidogo zaidi ya hapo, kwa hiyo nafasi iliyobaki kati ya kipimo na utabiri ni uwanja ambao mgeni yeyote atakayeonekana atakuwa mgeni kweli.

Kigunduzi cha LHCb kilijengwa upya kwa sehemu kubwa na kuanza kazi tena mwaka 2022, safari hii kikichagua matukio kwa programu za kompyuta peke yake badala ya kutegemea vifaa vya kuchuja vya hatua ya kwanza, jambo linaloinufaisha mimeguko ya chamu kuliko karibu aina nyingine yoyote. Namba ya kwanza ninayoisubiri kutoka huko ni ile ya kaoni peke yake. Shaka yake ikipungua kwa nusu na namba ikabaki chanya, swali la ishara litarudi mezani kwa nguvu, na ukurasa huu utalirudia.